Mjerumani Aliyekuwa Akifa Katika Kila Filamu

Vijana wa hapa Bellevue, Joburg, mnanisumbua. Mnanikamata nikitoka kununua mkate, mnanikamata kanisani kabla sijakaa, na swali ni lile lile: Papa Kasongo, mtu anaingiaje kwenye filamu? Sasa goti langu limekataa kusimama kutwa nzima, kazi nimeiacha, muda ninao. Nitaandika. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, pale Kalemie kwetu Kongo, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya lisogezeni wenyewe, msinirudishie daftari.

Mimi sikuingia kwenye filamu. Filamu ndiyo iliyonifuata kazini. Nilikuwa mlinzi wa geti Jeppestown, kwenye ghala moja lililokuwa la vyerehani. Siku moja wakaja watu na malori, wakaligeuza ghala kuwa ofisi ya rais. Rais wa nchi gani, sikuambiwa. Joburg hii kwenye filamu imekuwa kila mji isipokuwa Joburg. Nimeiona ikiwa Lagos, nimeiona ikiwa Bombay, na mara moja ilikuwa Urusi. Walimwaga povu barabarani eti ni theluji, na teksi zikapita juu yake zikipiga honi. Basi mtu aliyetakiwa awe mlinzi wa rais hakufika. Wakaangalia huku na huku, wakaniona nimesimama getini na yunifomu yangu. Anatafutwa mlinzi, na mlinzi yupo. Wakaniambia: ingia kwa mlango ule, simama nyuma ya rais, usiseme kitu.

Nikaingia. Mle ofisini walikaa watu wanane. Nyinyi mliozaliwa hapa labda hamjui, lakini kwetu mtu haingii mahali penye watu akapita tu kama upepo. Nikampa mkono wa kwanza, nikampa mkono wa pili, wa tatu nikamuuliza habari za nyumbani. Rais mwenyewe nilimshika kwa mikono miwili. Kisha nikaona kuna mtu mwingine amejikunja nyuma ya chombo cheusi. Nikasema moyoni, huyu naye ni mtu, nikaenda nikamsalimia. Ndiye aliyekuwa anapiga picha.

Dairekta wa siku ile alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini yule mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika, nikasamehewa. Wakaandika namba yangu. Tangu hapo nimekuwa mlinzi, mpishi, jenerali asiyesema, mgonjwa, mtu anayekimbia, na mtu anayeuza ndizi wakati wengine wanakimbia. Uso wangu umefika nchi ambazo miguu yangu haitafika. Jina langu halijafika hata moja.

Kwamba usiangalie kamera, hilo kila mtu atakwambia. Mimi nitakwambia mengine. Nenda na viatu vyako vyeusi. Viatu vya mtunza nguo wa filamu vimevaliwa na watu mia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mguu wako. Usivae shati la mistari, kamera inaumwa na mistari. Ukishika kikombe kwa mkono wa kushoto asubuhi, utakishika kwa mkono huo huo mpaka jioni, maana watarudia tukio moja mara kumi na tano na kuna dada mmoja kazi yake ni kuangalia mkono wako tu. Ukiulizwa kama unajua kupanda farasi na hujui, sema hujui. Mimi nilisema najua. Farasi ndiye aliyewaambia ukweli.

Na mtafanywa maiti. Sisi tuliotoka Kongo wanaona tunafaa sana kwa kazi hiyo. Ukiwa maiti pumulia tumbo, usipumulie kifua, na kabla ya kulala chini angalia sisimizi. Nimekuwa maiti wa vita, maiti wa mto, maiti wa ugonjwa ambao hata jina hawakuupa. Watu wa kazi waliniita Papa Maiti, na mke wangu akawa analikemea jina hilo kwa jina la Yesu kila likitajwa nyumbani.

Lakini nikiongea habari za kufa, mwenye kazi yake hasa si mimi. Ni Mzee Ewald Tiedke, Mjerumani, mwalimu wangu.

Nilimkuta kwenye filamu ya televisheni ya Wajerumani. Wanazipenda sana hizo. Mwanamke anatoka mji wa baridi, anarithi shamba Afrika, anakuta mwanaume mwenye gari la vumbi, wanagombana, wanapendana, twiga anapita. Hadithi ilisemwa kuwa ya Kenya, lakini tuliipigia shamba moja nje ya Joburg. Kwa sababu ya hiyo Kenya walitaka watu wa Kiswahili, ndipo wakatubeba sisi Wakongo na Warundi wa Berea na Bellevue. Wakenya wa kweli walikuwa wawili tu, nao walitucheka Kiswahili chetu tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana.

Mzee Ewald alikuwa babu wa yule mwanamke, mimi mtumishi wa babu. Alikuwa na miaka themanini na zaidi, mrefu, mwembamba, pua ndefu, na kope ya jicho moja imeshuka nusu kama pazia la duka siku ya Jumapili. Uso ule, aliniambia, ndio uliomlisha. Tulikuwa tunaongea Kiingereza cha kuungaunga, yeye cha kwake na mimi cha kwangu, nami nawawekea hapa kwa Kiswahili.

Vita vya wazungu vilipokwisha alikuwa kijana mdogo, mji wao ni matofali yaliyovunjika. Dada yake mkubwa, Hannelore, alimpeleka kuomba kazi kwenye ukumbi wa maigizo. Si kwa kupenda maigizo. Mle ukumbini mlikuwa na jiko la makaa, na nje kulikuwa na baridi ya kuua. Akawa anabeba viti. Siku moja wakaja watu wa sinema, wakatafuta mtu mwenye sura ya kumchongea jirani yake kwa polisi. Wote ukumbini wakageuka wakamwangalia Ewald.

Ndivyo yalivyokuwa maisha yake yote. Mtu mzuri wa filamu alikuwa mwingine, mwenye meno mazuri, na Ewald alikuwa karani mwizi, daktari mwenye sindano isiyo yake, mtumishi mwenye ufunguo wa chumba kisichofunguliwa. Kukaja miaka ya filamu za majambazi wa London. Zote zilipigwa huko huko Ujerumani na ukungu ulitoka kwenye mashine. Alizama mtoni mara nyingi, na mto wenyewe ulikuwa beseni. Kukaja miaka ya makauboi. Wakampeleka milima ya Yugoslavia akawa mwizi wa ng'ombe, akaangushwa kutoka kwenye jabali lile lile tangu asubuhi mpaka jua linazama kwa sababu kofia yake ilikuwa inatangulia kufika chini. Halafu wakatokea vijana wenye nywele ndefu, wakasema sinema ya wazee imekufa. Yeye akaja huku Afrika Kusini kwa filamu moja ya wachimba dhahabu, akauawa wiki ya pili, akapenda jua, hakurudi.

Hiyo ilikuwa enzi mbaya ya hapa, ya ubaguzi wa rangi. Nilimuuliza alikuwa anafanya nini enzi hizo. Akasema, "Nilicheza watu wabaya, na nikanyamaza. La pili silisifu."

Kazi alinifundisha hivi. Siku ya kwanza nilisimama na sinia langu nikiwa mtumishi, nimekaza shingo. Akanivuta kando.

"Kasongo, unataka nini?"

"Sitaki kitu, Mzee."

"Nakuuliza mtumishi, sikuulizi wewe. Mtumishi anataka nini?"

"Anataka kuhudumia."

"Mwongo. Hakuna mtumishi anayetaka kuhudumia. Kiatu chake kinambana, anataka mimi nimalize chai akavue. Nenda ukawe na kiatu kinachobana."

Nikaenda nikasimama na kiatu kinachobana, na kweli mpiga picha akaanza kuniangalia. Vijana, shikeni hilo. Awe mpishi, awe polisi, awe muuaji, kila mtu ana kitu kidogo anachokitaka. Alisema muuaji wake bora kabisa alikuwa mtu aliyekuwa akimnyonga mwenzake huku akiwaza kama supu nyumbani itakuwa imepoa.

Na yeye mwenyewe alitaka nini? Hakunificha. Hannelore alikuwa bado hai, bibi wa miaka tisini na kitu, anakaa Bremen peke yake. Filamu za mdogo wake alikuwa amezitazama zote, na baada ya kila moja alimwandikia kadi ya posta yenye maneno hayo hayo: Nimekuona. Umekufa tena. Miaka sitini na zaidi ya kazi, na Ewald hajafika mwisho wa filamu hata moja akiwa anapumua. Na sasa, katika hii ya shamba na twiga, babu haguswi. Tukio la mwisho kabisa ni harusi ya mjukuu, babu anasimama mezani, anatoa hotuba ya sentensi tisa, filamu inaisha. Alipopewa karatasi za kazi hiyo alianza kuzisoma kuanzia mwisho.

"Nataka Hannelore anione nimesimama," aliniambia. "Mara moja tu. Baada ya hapo anaweza kuniandikia anachotaka."

Shida ilikuwa kichwa. Sura ilikuwepo, sauti ilikuwepo, maneno yalikuwa yanaondoka. Asubuhi anayajua, kamera ikiwaka hayapo. Dairekta wetu, Madam Karin, mwanamke mfupi wa kofia ya majani, hakuwa mtu mbaya, lakini filamu yake ilikuwa na siku chache na kila alipomwangalia Mzee Ewald alikuwa anaangalia na saa.

Basi tukatafuta dawa. Kwenye tukio la chai kamera ilikuwa inasimama nyuma ya mgongo wangu, inamwangalia yeye. Maana yake kifua changu kamera haikioni, na yeye anakiona. Akaandika maneno yake kwa herufi kubwa, akayabana kwa pini kwenye aproni yangu. Mimi nisimame wima na sinia, yeye asome taratibu kama mtu anayewaza. Ni ufundi wa zamani, alisema. Huko kwao amewahi kusoma maneno yake kwenye paji la uso la maiti.

"Ekshen," akasema Madam Karin.

Nikasimama wima. Mzee Ewald akaanza kusoma kifuani kwangu, vizuri kabisa. Kisha ukafika wakati wa kumpa kikombe. Watoto wangu, mimi nimelelewa na mama yangu. Mtu mzima ukimpa kitu unampa kwa mikono miwili na unainama. Sikuamua kuinama, niliinama tu. Aproni ikakunjika, maneno yakaingia tumboni. Mzee Ewald akainama na yeye ayafuate. Tukawa wazee wawili tumeinamiana juu ya kikombe kama kuku wanaogombea punje.

"Kati," akasema Madam Karin, yaani kamera isimame. "Kwa nini mnainamiana?"

"Heshima," akasema Mzee Ewald.

Tukarudia. Nikajiambia, Kasongo, leo uwe mkorofi, usiiname. Nikafika na kikombe, mgongo ukaenda wenyewe. Mara ya tatu nilijikaza mpaka jasho likanitoka, nikainama nusu, pini ikafyatuka, na karatasi ikateleza ikaingia kwenye chai ya babu. Kila mtu akaiona. Madam Karin alikuja akaitoa kwa kijiko, akaisoma, akaiweka kwenye kisahani.

"Bwana Tiedke," akasema, "kesho ni hotuba. Watu sitini mezani, kamera mbili, hakuna pa kubandika karatasi. Ukishindwa nitampa yule anayecheza jirani wa shamba aiseme. Na babu itabidi..."

"Afe," akasema Mzee Ewald.

"Kitandani. Kwa amani. Hatutaonyesha."

"Hata kuonyeshwa sitaonyeshwa," akasema, akaenda kukaa chini ya hema la chakula.

Mimi nilimfuata. Kosa lilikuwa la mgongo wangu. Hemani alikuwepo Mama Furaha, yule mwenye saluni Berea, mnamjua mdomo wake. Yeye na akina mama wenzake wa kanisa walikuwa wameletwa wawe wageni wa harusi.

"Papa Kasongo, huyu mzungu wako ana nini? Amekaa kama mtu aliyeporwa simu."

Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo wewe umemuua kwa kuinama." Kisha akamsogezea mzee sahani ya kuku, na mzee hakula.

Sasa nitatoka kidogo njiani, lakini nitarudi. Mnajua kwamba kanisani kwetu mhubiri akija kutoka Lubumbashi huhubiri Kifaransa, na mimi wa darasa la nne ndiye nisimamaye pembeni yake nikiweka Kiswahili. Kifaransa changu nilikipata kwa kubeba mizigo stesheni ya Kalemie, kwa hiyo nakijua zaidi upande wa matusi, lakini Mungu anasaidia. Kitu ambacho mkalimani anakijua na waumini hawakijui ni hiki: mhubiri naye husahau. Unamwona anapekua Biblia, jicho linatafuta, jasho. Mkalimani mwema hapo anavuta. Sentensi fupi anaifanya ndefu. Mhubiri amesema "Mungu ni mwema", wewe unasema Mungu ni mwema, ni mwema asubuhi, ni mwema kwa wenye gari na kwa wenye miguu, ni mwema hata kwa wale waliochelewa ibada na tunawaona wanaingia. Ukimaliza, mhubiri ameshaipata aya yake. Waumini wanasema leo Roho alishuka.

Nilimwangalia Mzee Ewald na kuku wake, nikamwambia, "Mzee, hao wafanyakazi wa shamba watakaokuwa kwenye harusi, Kijerumani wanakijua?"

"Watakijuaje?"

"Basi babu atawahutubiaje bila mkalimani?"

Akaniangalia kwa lile jicho zima.

"Wewe utasema sentensi moja," nikamwambia. "Mimi nitaisema kwa Kiswahili, na nitaisema polepole. Wakati huo wewe unatafuta ya pili. Ukihitaji muda, gusa glasi, nitaongeza."

"Kijerumani unakijua?"

"Hata neno."

"Sasa utatafsiri nini?"

"Utaniambia maana leo, kesho nitakuwa naijua. Hata kanisani mara nyingi najua mtu atasema nini kabla hajasema."

Akavuta sahani, akaanza kula.

Kwa Madam Karin alikwenda mwenyewe. Sijui alisema nini, lakini baada ya muda tulimwona Madam anakuja na kofia yake, anatuambia kwamba ameamua kuweka mkalimani kwenye harusi, kwa sababu wafanyakazi ni sehemu ya familia. Alisema kama mtu aliyeota mwenyewe. Nikamwambia ni wazo zuri sana, Madam. Vijana, wazo lako likipendwa na dairekta si lako tena. Furahi tu kwamba limeingia.

Jioni nzima tulikuwa tunahesabu vidole. Kidole cha kwanza, karibuni nyote. Cha pili, mimi nilikuwa mtu mgumu. Cha tatu, mjukuu wangu alikuja hapa na sanduku moja. Hivyo hivyo mpaka cha tisa, nyumba hii sasa ni yenu. Yeye kwa Kijerumani, mimi kwa Kiswahili, na Mama Furaha anasahihisha Kiswahili changu ambacho hakikuhitaji kusahihishwa.

Siku ya pili wakanivalisha koti jeupe, wakaniketisha kwenye meza yenye kitambaa, nami nilipewa chakula kabla ya wenzangu wa hemani. Mama Furaha alipita akanong'ona, "Chief, usitusahau." Meza ilikuwa ndefu, chini ya miti, na ngoma pembeni. Waliokaa walikuwa Wakongo, Warundi, Wakenya wetu wawili, na wafanyakazi wa lile shamba wenyewe, Wazulu na Watswana, waliovalishwa vitenge na kuambiwa leo ninyi ni Wakenya.

"Ekshen."

Mzee Ewald akasimama. Sentensi ya kwanza ikatoka, nikaiweka. Ya pili ikatoka. Kwenye ya nne aligusa glasi, nikaongeza mvua na mahindi, akaipata ya tano. Kwenye ya saba aligusa tena, nikawasalimia ng'ombe wa shamba lile kwa rangi zao. Ya nane ikatoka nzima. Nikaiweka. Imebaki moja tu, nyumba hii sasa ni yenu, na mtu amefika mwisho.

Haikutoka.

Akagusa glasi. Nikavuta. Nikasifu bwana harusi, nikasifu bibi harusi, nikasifu waliopika. Akagusa glasi tena. Pembeni nikaona mkono wa Madam Karin unaanza kupanda, na mkono huo ukipanda wote anasema kati, na akisema kati babu analala kitandani halafu haamki. Sikuwa na mtu mwingine wa kumsifu. Basi nikageukia meza, kwa sauti ile ile ya mkalimani, uso ule ule, mkono kifuani, nikasema:

"Mzee amesahau. Akina mama, mshangilieni mpaka akumbuke."

Mama Furaha hakuuliza. Alipiga kigelegele kimoja kikapasua ule uwanja, na kabla hakijaisha wenzake walikuwa wameshasimama. Wakazunguka meza wakicheza. Wanawake wa shamba wakajibu kwa vigelegele vyao vya Kizulu, mpiga ngoma akaamka, vumbi likapanda. Wale Wakenya wawili, ambao walikuwa wamesikia nilichosema, walikuwa wamelalia meza kwa kicheko, na kwenye kamera ilionekana ni furaha ya harusi. Mkono wa Madam Karin ukabaki pale pale hewani.

Mzee Ewald alisimama katikati ya kelele ile na glasi yake. Aliwaangalia akina mama mmoja mmoja. Kelele ilipopungua aliinua glasi juu, akasema kitu kifupi sana kwa Kijerumani. Haikuwa sentensi ya tisa. Nilikuwa naijua kwa mlio, na hii haikuwa yenyewe.

Sasa wote wananigeukia mimi. Watu sitini na kamera mbili. Sina maana yake, hakuna kidole chake. Nikamwangalia mzee, nikaangalia meza, chakula kinapoa.

"Mzee anasema tule," nikasema.

Wakala. Madam Karin akasema kati, akavua kofia, akaivaa tena. Akaja akaniuliza kile kirefu cha katikati kilikuwa nini. Nikamwambia niliwaomba washangilie. Akamwambia mpiga picha, "Tumemaliza."

Lakini msifikiri mambo yaliishia hapo. Kupigwa picha na kuonekana ni vitu viwili. Mimi nimewahi kupigwa picha siku nne nikaonekana sikio. Madam alirudi kwao na filamu yake, na huko wana chumba cha kukatia filamu. Anaweza kumkata mzee, akamleta jirani, akaweka kitanda na shuka. Miezi ikapita. Kila nilipomtembelea Mzee Ewald kwenye chumba chake Kensington ya hapa hapa Joburg, alisema hajaambiwa kitu, na kila mara alikuwa amekonda zaidi.

Halafu ikaja habari kwamba Jumapili filamu itaonyeshwa Ujerumani. Hapa hatuwezi kuiona. Jumatatu asubuhi nikaenda kwake tusubiri pamoja. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, tukanywa maji tukaita chai. Hannelore alikuwa mtu wa kadi, hakupenda simu, lakini kadi ingechukua wiki tatu, nasi tulitumaini safari hii atapiga. Tulikaa tukiangalia simu yake ya ukutani kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali.

Ikalia.

Mzee Ewald akaipokea amesimama. Alisikiliza muda mrefu. Nikaona bega lake linashuka, nikasema moyoni, wamemkata. Kisha akaziba simu kwa mkono.

"Anasema nilikuwa nimesimama," akaniambia. "Mpaka majina yamepita yote. Anasema alingoja mpaka mwisho wa majina aone kama nitaanguka."

"Asifiwe Mungu."

"Anauliza yule mtu wa pembeni alisema nini, wanawake wakaanza kupiga kelele."

Ningeweza kudanganya. Lakini bibi wa miaka tisini na kitu hadanganywi, tena asubuhi yote ile. "Mwambie nilisema umesahau, wakushangilie mpaka ukumbuke."

Akamwambia. Nikasikia simu ikicheka, kicheko cha mtu mzee, cha kukohoa, kinaenda kinarudi. Mzee Ewald akaisogeza mbali na sikio na yeye akaanza kucheka, akashika ukuta.

"Na mimi niulize," nikasema. "Ile ya mwisho, ambayo hatukuipanga. Ulisema nini?"

"Niliona wale wanawake, na sikuwa na kitu kichwani hata kidogo. Nikamwambia Hannelore: bado nipo. Wewe uliitafsirije?"

"Nilisema, mzee anasema tule."

Akaniangalia. Akarudi kwenye simu, akamweleza dada yake taratibu kwa Kijerumani, akasikiliza jibu, akatikisa kichwa.

"Anasema ni maana ile ile," akaniambia. "Anasema tukale."